Kumekufa Nini Hapa

Siku niliyomjua vizuri alikuwa ameshika kuku wangu shingoni, mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa wa kushoto, na wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Ilikuwa mchana kweupe pale Malili, kando ya barabara kuu, wasafiri wamesimamisha magari wanachagua. Kuku hao nilikuwa nimewakusanya milimani, pande za Kikima, nyumba kwa nyumba, hadi tenga likajaa. Wawili walikuwa wamelegeza mabawa. Hakuniamkia, hakuniuliza jina. Alivunja shingo za tenga zima mbele ya macho yangu, bila haraka, akawatupa kwenye shimo la takataka, akamwaga mafuta ya taa na kuwasha kiberiti. Damu ilinichemka. Nilimrukia nikamuuma mkono, hapa chini ya kidole gumba, nikang'ang'ania mpaka nikaonja chumvi. Akanizaba kofi la sikio, nikaachia.

Halafu akaomba maji. Alitoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye karatasi, akaosha kile kidonda taratibu, povu likatoka jekundu. Alipomaliza akaninyooshea sabuni.

"Na wewe nawa mdomo, mama. Umemuuma mtu aliyeshika kuku mgonjwa."

Nilimtukana matusi yote ninayoyajua kwa Kikamba na mengine kwa Kiswahili. Hakuondoka. Alisimama pale na sabuni yake mpaka nikasukutua mbele ya wateja wangu, nikilia kwa hasira. Tangu siku hiyo aliniita Mama Meno, na kwenye mikutano alikuwa akiinua mkono kuonyesha lile kovu kama mtu anayeonyesha cheti.

Sisi tulimwita Bwana Afya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa afisa wa afya wa upande wetu kwa miaka mingi, na sijui kama kuna mtu aliyejitaabisha kujua jina lake lingine. Alikuwa mwembamba, mrefu, na buti za mpira mvua inyeshe isinyeshe. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilimwona akimbamiza mwenye bucha ukutani kwa sababu ya nyama isiyo na muhuri. Niliona mitungi ya pombe ikipasuliwa kwa shoka na wenyewe wakifukuzwa mpaka mtoni. Mtu mmoja alimrushia panga kwa hilo, likamkosa, likakita kwenye mlango wa choo. Bwana Afya alilichomoa, akalikagua, akamwambia yule mtu kwamba choo chake hakina mfuniko. Na kila ugomvi ulipoisha, alinawa. Mtu akikuona unatoka kuomba maji nyumba fulani kwa niaba ya Bwana Afya, alijua tayari kuna aliyepigwa.

Kilichotukera zaidi ni salamu yake. Angesimamisha pikipiki nje ya boma, asivuke hata kizingiti cha miti, na badala ya kuuliza watu wameamkaje angesema, "Kumekufa nini hapa?" Hebu fikiria. Watu wanakunywa chai, mtoto anacheza, na mgeni anakuja na swali kama hilo. Mama yangu mzazi alikuwa akitema mate chini kila akilisikia. "Mwaitu, mwanangu, huyu ametumwa na wachawi," alikuwa akiniambia. Bwana Afya mwenyewe alimaanisha kuku tu. Alitaka kujua kuku.

Nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo penyewe. Kwetu, kila kiangazi kikikaza, kuku hufa. Hushikwa na ugonjwa wao wa kila mwaka, huzungusha shingo, huharisha kijani, na boma lote laweza kubaki manyoya. Sasa mwanamke mwenye akili hangoji wafe wote. Akiona wa kwanza amesinzia, wale wengine anawachinja haraka au anawauzia watu kama mimi kabla mchana haujaisha. Ndiyo maana kwetu mtoto akikumbuka mwaka wa njaa, anakumbuka pia kwamba alikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwa nyama ya kuku siku mfululizo. Kuku wakianza kufa, ni karamu. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Tumekula hivyo tangu zamani na tuko hapa.

Bwana Afya aliiona karamu hiyo akakosa usingizi. Alikuwa akituambia kwamba ipo homa ya mafua ya ndege, na kwamba siku moja yaweza kujigeuza ikampanda mtu, na mtu akamkoholea mtu, na dunia ikafungwa tena kama wakati wa korona au zaidi. "Ikija kwetu," alisema, "itakuja imevaa nguo za ule ugonjwa wenu wa kila mwaka. Na nyinyi mtakuwa mmeshaila kwa muthokoi." Alichotaka ni kimoja: kuku akifa, aambiwe. Apate kipande cha kupeleka maabara kwenye sanduku la barafu kabla ushahidi haujaingia sufuriani. Kama haambiwi, alisema, basi mitungi ya oksijeni, barakoa na mikutano yote ya kaunti ni kazi bure.

Na nani angemwambia? Ukimwambia, anakuja na mafuta ya taa. Hilo hakuliona. Mtu mwenye akili nyingi namna ile, hakuliona. Kadiri alivyotupiga ndivyo tulivyomficha. Mimi mwenyewe nilikuwa na nyumba tatu Kikima ambako kuku wagonjwa waliingizwa chini ya kitanda mara tu mlio wa pikipiki yake uliposikika bondeni.

Sista aliyekuwa msimamizi wa dispensari yetu alijaribu kumweleza. Sista alikuwa mama mnene, mpole wa sauti lakini hakutishika na mtu, na ndiye peke yake aliyethubutu kumwambia Bwana Afya anyamaze. "Unawafukuza," alimwambia siku moja nikiwapo. "Wewe unatafuta habari na huku unawafunga watu midomo."

"Mdomo niufunge mimi? Muulize huyu Mama Meno kama mdomo wake umefungwa."

Pamoja na ubishi wao, wawili hao ndio walioitengeneza ile dispensari. Walimkorofisha kila mtu mpaka likajengwa banda la wakohozi, la mabati na pande wazi, nje kabisa, ili anayekohoa asikae benchi moja na mama mjamzito. Banda hilo lilileta vita. Watu waliona aibu kutengwa kama wenye ukoma, na mzee mmoja alilipiga teke benchi likavunjika. Bwana Afya alilipigilia misumari akamketisha palepale kwa kumbana mabega. Walipigana pia na watu wa mifugo, ambao walisema kuku ni wao. "Sawa," Bwana Afya aliwauliza, "akiwa hai ni wenu. Akishamwambukiza mtu, huyo mtu ni wa nani?" Nasikia siku hiyo waliachanishwa kwa kushikwa mashati.

Lakini sindano aliiogopa. Nakwambia ukweli. Chanjo ya mafua ilipoletwa kwa wafanyakazi wa afya, huyu mpasua mitungi alitoweka. Sista alimkuta nyuma ya tangi la maji akijifanya anakagua mfereji. Alimshika mkanda wa suruali, akamwingiza ndani kama mbuzi, akamdunga huku amefumba macho na kugeuzia uso ukutani. Alipotoka alikuwa ametokwa na jasho. Nilimcheka mpaka nikakaa chini, na yeye hakunipiga, aliniambia tu nisimwambie mtu. Nilimwambia kila mtu.

Kwa nini alikuwa hivyo, Sista alinieleza siku nyingine. Wakati wa korona alipelekwa kusaidia hospitali nyingine, mbali na kwetu, na kazi aliyopewa ilikuwa kuzika. Aliwaona watu wakifa wakitafuta hewa, macho wazi, wanajua. Akazika, na mara mbili wenye maiti waliwapiga mawe makaburini wakitaka kufungua sanduku. Aliporudi, mkono ukawa mwepesi zaidi. Sista alisema, "Anadhani akituchapa vya kutosha hatutakufa." Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu, maana kuku wangu walikuwa bado hawajarudi.

Kisha kukawa na habari ya shemasi. Shemasi wa kanisa letu pale Kikima ni mtu mkubwa, mkulima, mwenye sauti ya kuimbisha. Binti yake alikuwa anakuja kuchumbiwa, wakwe wako njiani, na mke wa shemasi alikuwa amewafuga kuku wa siku hiyo kwa muda mrefu, wanono, kila mmoja amefungwa kitambaa mguuni. Kuku wa jirani walikuwa wameanza kufa. Bwana Afya alifika asubuhi ileile. "Kumekufa nini hapa?" Akaambiwa hakuna. Akazunguka nyuma akamkuta mmoja amelala. Alivunja wote shingo, shemasi akimshika mkono na kumsihi, "Bwana Afya, leo usiniaibishe, leo tafadhali." Wakwe walifika wakakuta moshi na harufu ya manyoya, wakala sukuma wiki badala ya nyama. Majibu ya maabara yaliporudi, ilikuwa ni ule ugonjwa wetu wa kila mwaka tu.

Shemasi aliyasikia majibu hayo dukani, tena kwa mtu mwingine. Bwana Afya hakwenda kumwomba radhi. Alipoulizwa alisema, "Heri kuku kuliko watu." Nilimwona shemasi Jumapili hiyo, aliimba akiwa amekunja ngumi.

Sasa nifike siku yenyewe. Kaunti ilitaka zifanywe mazoezi: mtu ajifanye mgonjwa wa ile homa mpya, na watu wa afya waonyeshe watakavyomchukua, watakavyomtenga, watakavyowatafuta aliokutana nao. Bwana Afya alinijia. "Ugonjwa ukija utaanzia kwako, Mama Meno. Wewe ndiwe mgonjwa." Nilicheka, nikakubali, maana nilitaka kuona watanibebaje. Sharti la kaunti lilikuwa kwamba watu watangaziwe mapema, kwenye baraza la chifu na makanisani. Bwana Afya aliitikia mbele ya wakubwa, kisha hakutangaza popote. Sista alipogundua asubuhi ile alipiga meza. Bwana Afya alimjibu, "Ugonjwa wenyewe utatangaza? Nataka kuwaona walivyo."

Basi aliwaona.

Ilikuwa siku ya soko Kikima. Nilikaa penye chai, nikaanza kukohoa kama nilivyoagizwa, nikajilaza mezani. Ambulensi ikaja ikipiga king'ora na wakashuka watu wa mavazi meupe kuanzia utosini hadi miguuni, miwani, barakoa, hakuna uso hata mmoja. Bwana Afya alikuwa kati yao, mimi nilimtambua kwa buti zake tu. Wakanikamata mikono na miguu. Mwanamke muuza ndizi alipiga yowe kwamba watu wanaibwa. Hilo lilitosha.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha ambulensi. Kulikuwa na rundo la mawe ya kutengenezea barabara kando ya soko, na watu walilivamia kwa mikono miwili. Mmoja wa wale wenye mavazi meupe aliangushwa, akapigwa kwa mpini wa jembe mgongoni, vazi likachanika na damu ikatoka ikasambaa kwenye ule weupe. Dereva alikimbia. Mimi nikanyakuliwa. Wanawake, wanawake ninaonunua kuku kwao, walinikumbatia, wakanibeba, wakanifuta makamasi ya uongo kwa leso zao, wakanipuliza usoni. "Mimi mzima," nikapiga kelele. "Niacheni, ni mazoezi." Wakasema maskini, homa imempanda kichwani. Wakanikaza zaidi.

Bwana Afya hakukimbia. Alivua kile kichwa cha vazi ili wamjue, na hilo lilikuwa kosa kubwa, maana walimjua. Kila aliyewahi kupasuliwa mtungi alikuwapo, kila aliyewahi kuchomewa. Walimpiga kwa fimbo za mbuzi, kwa mateke, kwa viatu. Alianguka, akainuka, akainua mikono yote miwili juu, wala hakumpiga mtu. Nikiwa juu ya mabega ya wale wanawake nilimwona shemasi akiinama kwenye rundo. Alichagua. Aliinua jiwe akalirusha kutoka karibu, na Bwana Afya akamtazama akilirusha. Lilimpiga kwenye jicho la kushoto. Nilisikia mlio wake, na sitaki kuueleza.

Waliniingiza kanisani mbio, wakafunga mlango ili nisiibwe tena. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, watu wakinihemea. Wakaniombea. Wote walitaka kuniwekea mkono. Shemasi akaja, akaweka wake juu ya paji la uso wangu, mkono mzito, bado una vumbi jekundu la lile jiwe, akaomba kwa sauti hadi machozi yakamtoka. Nililala pale nikifikiria kwamba kama ningekuwa mgonjwa kweli, ningekuwa nimewaua wote, na yule pekee aliyelijua jambo hilo alikuwa nje anatokwa na jicho.

Alilazwa kwanza kwenye banda la wakohozi, kwenye benchi alilolipigilia misumari mwenyewe, Sista akimshona jicho huku akimkaripia. Polisi walifika. Walimuuliza Bwana Afya ni nani aliyemrushia jiwe. Akasema jua lilikuwa machoni. Wakamuuliza tena kesho yake hospitalini, jicho likiwa tayari limetolewa, akasema hivyohivyo. Mimi nilijua siku ile mawingu yalikuwa yametanda. Niliulizwa pia, nikasema nilikuwa mgonjwa.

Aliporudi kazini aliitisha baraza. Watu walikwenda wakiwa na wasiwasi, wengine wameficha rungu. Alikuja bila buti, kitambaa cheupe jichoni, na kwa mara ya kwanza aliketi. Alileta lile vazi jeupe akaomba mabibi vikongwe walishike, walinuse, walivae. Mmoja alilivaa, akatembea nalo akiinua magoti, na baraza zima likacheka, hata chifu. Halafu Bwana Afya akaeleza kila kitu polepole: nani atakuja, atavaaje, mgonjwa atapelekwa wapi, nani atamletea chakula, nani wa nyumbani ataruhusiwa kumwona kupitia dirishani. Akasema hatavunja tena shingo ya kuku mbele ya mwenyewe bila mwenyewe kukubali na mtu wa mifugo kuwapo. "Mimi nilikosa," alisema. "Sikuwaambia. Sasa nawaambia. Na nyinyi niambieni."

Watu wakatawanyika. Kiangazi kikaja, na nilijua ni nyumba zipi zinakula kuku, na hakuna aliyemwambia. Alikuwa akisimamisha pikipiki nje ya maboma na kuuliza swali lake kwa sauti ya chini, na watu wakisema hakuna. Alikuwa akishukuru anaondoka. Kumwona hivyo kulinichoma kuliko lile kofi.

Aliyevunja kimya alikuwa shemasi. Nilikuwa dispensari nikipimwa presha, nikamwona anakuja na kikapu amekining'iniza kwenye ncha ya mti mrefu, mbali na mwili wake, kitambaa kimefungwa puani. Alisimama getini hakuingia.

"Bwana Afya," aliita. "Nimeleta maiti."

Bwana Afya alitoka. Walitazamana, yule na macho mawili na huyu na moja. "Wangapi wamebaki?" akamuuliza. "Nimewafungia. Hatujala," akajibu shemasi, na sauti yake ya kuimbisha haikutoka vizuri. Kikapu kikaenda maabara kwenye barafu. Haikuwa ile homa. Bwana Afya alipanda mwenyewe mlima kwenda kumpa majibu shemasi nyumbani kwake, na baada ya hapo wengine wakaanza, mmoja mmoja.

Mwaka huu nilikwenda Kitui kutafuta kuku, nikapita kumsalimu, maana alistaafu na mke wake ana shamba huko. Nilimbebea jogoo kwapani, kama tunavyomwendea mtu tunayemheshimu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupokea kuku wa mtu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba, amekonda, sabuni yake iko dirishani.

"Kumekufa nini hapa?" nilimuuliza kabla ya kuvuka kizingiti.

Alicheka mpaka akakohoa, akageuka akakoholea kwenye kiwiko. Alimchukua yule jogoo, akafunua mabawa, akachungulia mdomoni kwa lile jicho moja, akamnusa nyuma. Nikangoja. "Mzima," alisema, akampa mkewe amfunge jikoni. Nilifurahi, sikujali kuficha.

Tulikuwa bado kwenye chai simu yake ilipolia. Aliiweka kwenye spika, maana anasema sikio la upande ule uliopigwa nalo limechoka. Nikaisikia ile sauti ya kuimbisha.

"Bwana Afya, kwangu wamekufa wawili tangu jana. Na mjukuu anakohoa."

Aliketi wima. "Mjukuu aliwashika?"

"Aliwashika."

"Mpeleke kwa Sista sasa hivi, akae bandani, asiingie ndani. Mwambie Sista kabla hujafika. Mfunge kitambaa, nawe ujifunge. Kuku usiwaguse."

"Siwagusi. Nimeshamwambia Sista, ametuma ambulensi. Iko hapa nje, wale wa mavazi meupe wameshashuka." Mlango wa gari ukasikika ukifunguliwa. "Wanamchukua mtoto. Majirani wamesimama tu, Bwana Afya. Hakuna aliyeokota kitu."

"Vizuri," alisema. "Nipigie majibu yakitoka."

Akakata simu. Akaiweka gotini kwa ule mkono wenye kovu la meno yangu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja aliyemrushia lile jiwe, hata kwangu niliyeona. Akashika kile kitambaa cha jichoni, akakirekebisha.

"Ana mkono mzito, yule mzee," alisema.

 Akaniomba nimletee maji na ile sabuni ya dirishani, nikammiminia, akanawa.